Wazazi wa kidato cha sita, mpelekeni mtoto akakione chuo kabla hajakichagua

Mzee wa Makambako (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni kwa wenye kijana aliye kidato cha tano au cha sita, na kwa vijana wenyewe.

Familia nyingi huliona geti la chuo kwa mara ya kwanza siku ya kuripoti. Ni Oktoba au Novemba, godoro limefungwa kamba juu ya bajaji, ada ya muhula imeshaingia benki, mtoto ameshathibitisha udahili kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye simu. Siku hiyo hata mkigundua kwamba kozi inafundishwa kampasi iliyo mkoa mwingine, mtafanya nini? Kiwanja tu tunakikagua kabla ya kununua, tunaulizia majirani, tunauliza maji yanatuama wapi masika. Mtoto anakwenda kuishi mahali miaka mitatu hadi mitano, na tunaridhika na picha ya jengo kwenye simu.

Mimi na mama watoto tuliamua kwenda mapema. Binti yetu anasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Tulimchukua yeye na mdogo wake wa darasa la sita, tukaenda Dodoma, Morogoro na Dar. Naandika tulichojifunza kwa sababu naona kuna familia hapa zinaweza kufanya hivyo na hazijawahi kufikiria.

Kwanza muda, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Baada ya hapo vijana wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Matokeo hutoka Julai, dirisha la udahili linafunguka, na miezi hiyo hiyo wanafunzi wa vyuo wamemaliza mitihani, wako field (mafunzo ya vitendo) au wamerudi kwao. Ukienda Agosti utayakuta majengo na walinzi. Utaona chuo, huwezi kuona maisha ya chuo. Wakati unaofaa ni mwanzoni mwa Desemba, shule zimefungwa na vyuo viko katikati ya muhula wa kwanza. Madarasa yamejaa, foleni za chakula zipo, na hata mwaka wa kwanza ambao bado wanapotea njia utawaona na utawauliza.

Njia yetu ilikuwa rahisi kuliko tulivyotarajia. Basi kutoka Makambako hadi Iringa, kisha barabara ya Mtera hadi Dodoma. Dodoma hadi Morogoro tukapanda treni ya SGR, Morogoro hadi Dar SGR tena, nauli ya daraja la kawaida kipande hicho ni shilingi 13,000. Kurudi tukapanda basi moja kwa moja kupitia Mikumi na Kitonga. Kabla ya 2024 mzunguko huo ungetuchosha kabla hatujaona kitu.

Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilichotushangaza ni ukubwa. Chuo kilianza kupokea wanafunzi 2007 na eneo lake ni kama hekta 6,000. Ndaki, yaani vitengo vikubwa vya masomo, zimeachana kiasi kwamba watu wanapanda daladala ndani ya chuo hicho hicho. Kwa hiyo usiulize tu kama kuna bweni. Uliza bweni la ndaki yake liko wapi na darasa liko wapi. Sisi tulitembea kwa miguu kutoka kwenye mabweni hadi maabara, wote wanne, saa sita mchana, jua la Dodoma likiwa utosini. Mke wangu alisema mtoto akiishi hapa anunue kofia na chupa ya maji kabla ya daftari. Nafasi ya kulala wanafunzi kwa kweli wanayo, na kwa mzazi wa mkoani hilo ni jambo zito.

Morogoro ndipo tulipokaa kwa muda mrefu. Binti alikuwa na wazo moja tu kichwani, udaktari wa binadamu. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, tulipita kwa sababu iko njiani. Kampasi kuu iko chini ya milima ya Uluguru, kijani kila upande, na katikati ya mafunzo yao kuna hospitali ya wanyama inayofanya kazi kweli. Tulimkuta mtu kaleta mbwa wake, na wanafunzi wa mwaka wa nne wamemzunguka mnyama pamoja na mwalimu wao, kila mmoja anaulizwa anaona nini. Binti alisogea. Mwalimu alimuona ni mgeni, akamwita karibu, akamuuliza swali la baiolojia la kidato cha sita. Akajibu. Wakaendelea kuzungumza na sisi tukakaa pembeni kwenye kivuli.

Hapo hapo SUA ndipo lilipo shirika la APOPO linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya wao maarufu, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Mdogo mtu hakutaka kuondoka. Nawaambia wazazi, wapelekeni na wadogo. Mtoto wa darasa la sita aliyeona kwamba sayansi ni kitu watu wanakifanya kwa mikono kila siku hatasoma kama mwanzo.

Upande wa pili wa mji, Mazimbu, iko kampasi ya Solomon Mahlangu. Ilikuwa shule ya wakimbizi wa ANC wa Afrika Kusini, imepewa jina la kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979, na ANC waliikabidhi kwa Tanzania 1992. Makaburi ya wapigania uhuru wale yapo hadi leo. Tulisimama pale, nikawasimulia watoto. Sijui kitabu gani cha historia kingewafikisha hapo.

Dar es Salaam tulikwenda Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Ukumbi wa Nkrumah mnaukumbuka, ndio ule uliokuwa kwenye noti ya mia tano. Maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 ni kubwa sana, na binti alipoingia na kuona watu mamia wameinamisha vichwa wanasoma, hakusema neno mpaka tulipotoka. Nadhani kile kimya cha maktaba kilimfundisha zaidi ya hotuba zangu zote za kumhimiza asome.

Lakini Mlimani ndipo nilipoelewa jambo ambalo nataka kila mzazi aliandike mahali: jina la chuo siyo mahali mtoto atakapoishi. Udaktari wa UDSM unafundishwa Mbeya, kwenye ndaki yao ya afya. Kozi za kompyuta na mawasiliano ziko Kijitonyama. Uandishi wa habari uko Mikocheni. Vyuo vyake vishiriki vya elimu, DUCE kiko Chang'ombe na MUCE (Mkwawa) kiko Iringa. Chuo cha afya cha Muhimbili wana kampasi Upanga na Mloganzila. SUA wana kampasi nyingine Katavi. Familia inaweza kupanga mtoto akae kwa shangazi yake Sinza, kumbe masomo yako Mbeya. Fungueni mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), tafuteni kozi, kisha pigeni simu ofisi ya udahili muulize: inafundishwa wapi, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho?

Jambo la mwisho kwa leo, mke wangu ndiye alilisimamia. Kila tulipofika alisema sisi wazazi tukae mahali, tunywe chai, binti aende peke yake akaongee na wanafunzi. Mbele ya baba, mwanafunzi wa chuo atakwambia kila kitu ni kizuri, shikamoo mzee. Msichana mwenzake atamwambia maji yanakatika siku zipi, njia gani haina taa usiku, na pesa ya kujikimu inaisha tarehe ngapi.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu ongezeeni.

Binti Kitonga

Shikamoo mzee. Niko mwaka wa tatu, chuo sikitaji. Natamani wazazi wangu wangenipeleka hivi.

Naongezea kwa wanaotaka kwenda. Msimuulize mwaka wa kwanza, bado ana furaha ya kupata chuo. Muulizeni mwaka wa pili. Huyo ameshaona matokeo ya kwanza, ameshakula sup (kurudia mtihani) au amemwona mwenzake anadisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), na ameshahangaikia chumba, kwa sababu vyuo vingi mwaka wa kwanza ndio wanaopewa kipaumbele cha bweni, ukiingia wa pili unajitegemea. Muulizeni geto (chumba cha kupanga) ni shilingi ngapi na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingapi kwa mkupuo. Wengi wanataka sita, wengine mwaka mzima. Hiyo pesa wazazi wengi hawaijui mpaka simu ya kulia inapigwa.

Na muulizeni kuhusu kubebana. Mnaosikia mara ya kwanza, ni kulala wawili kitanda kimoja kwa sababu rafiki yako hakupata nafasi. Wengi tumebeba wenzetu au tumebebwa, si aibu, ila mzazi ajue kwamba kitanda alicholipia kinaweza kulala watu wawili na mtoto akawa hasomi vizuri usiku.

Boom nayo: fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, inakuja kwa mafungu. Ikichelewa, kijana anaishi kwa mkopo wa mama ntilie. Mkifika kampasi kaeni kwenye kibanda cha chakula mle wanachokula wanafunzi. Piga hesabu ya sahani tatu kwa siku, toa nauli, toa kopi za handauti, uone kinachobaki.

Ngosha wa Malimbe

Mleta uzi umeandika vizuri lakini niseme ukweli. Watu wanne kuzunguka mikoa mitatu, nauli, gesti, chakula, hiyo ni ada ya muhula kwa baadhi yetu. Na mtoto wa Kitanzania hachagui chuo, alama ndizo zinachagua. Unamzungusha, anapenda mahali, Julai matokeo yanatoka hana alama za kuingia pale. Umemuumiza bure.

Mzee wa Makambako

Ndugu Ngosha, umeleta hoja ya kweli na nakujibu kwa heshima.

Kuhusu alama. Mwongozo wa TCU unasema udaktari wa binadamu unahitaji D tatu za fizikia, kemia na baiolojia, yaani pointi 6. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba. Wanaochukuliwa wana alama za juu zaidi kwa sababu nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Ndiyo maana kijana anahitaji chaguo la pili na la tatu. Sasa niambie, chaguo la pili la vijana wetu wengi limetoka wapi? Wamelijaza café dakika za mwisho, jamaa wa café akiwaambia "weka hii, hii huwa haikosi". Kijana anapata kozi ambayo hajui inafanya nini duniani, anakaa nayo miaka mitatu akiwa na hasira. Binti yangu leo akikosa udaktari wa binadamu, ana udaktari wa mifugo ambao ameuona kwa macho, anajua ni miaka mitano, anajua mbwa mgonjwa anashikwaje. Hajajaza nafasi tu. Hilo kwangu limelipa nauli yote.

Kuhusu pesa, uko sahihi kwamba si kila mtu ataweza. Basi mpeleke chuo kilicho karibu, hata kama hatasoma hapo. Aliye Njombe au Mafinga aende Mkwawa pale Iringa, ambako kulikuwa sekondari hadi ilipogeuzwa chuo kishiriki 2005. Aliye Mbeya kuna chuo cha sayansi na teknolojia, MUST. Wewe wa Malimbe, Mwanza, uko mlangoni pa chuo cha SAUT, na chuo cha afya cha Bugando hakiko mbali. Kijana ambaye hajawahi kukanyaga chuo chochote, chuo cha kwanza atakachoona kinampa picha ya vyote: nini maana ya lecture ya watu mia tatu, nini maana ya kujipangia ratiba bila kengele. Na kwa walio Dar, TCU huandaa maonesho ya vyuo vikuu viwanja vya Mnazi Mmoja mwezi wa Julai, vyuo vingi mahali pamoja, hakuna gharama zaidi ya daladala. Mle kwenye mabanda usichukue vipeperushi tu. Uliza kozi inafundishwa kampasi gani.

Mama wa Tabata

Naomba niseme jambo ambalo wengi hawatalifikiria. Mwanangu anatumia kiti cha magurudumu. Ana akili nyingi, kidato cha nne alipata division one, walimu walimsifu. Mimi nilijua kwamba kwake swali la chuo kizuri linaanzia kwenye ngazi.

Tulikwenda vyuo kadhaa, yeye, mimi na kaka yake wa kumsukuma. Sivitaji. Mahali pamoja tuliambiwa kwa simu kwamba "mazingira ni rafiki". Tulipofika, kweli kulikuwa na njia ya mteremko mlangoni, nzuri kabisa, ila ofisi ya msajili iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Mahali pengine choo kinachomfaa kilikuwepo, kimefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo hajulikani. Haya mambo hayapo kwenye tovuti. Lazima uende, na lazima aende yeye mwenyewe kwenye kiti chake, siyo mzazi amwakilishe. Mimi ninayetembea nilipita kwenye kizingiti na sikukiona. Yeye alikiona.

Chuo anachokitaka sasa ni kile ambacho mshauri wa wanafunzi alitoka ofisini, akatembea naye kutoka bweni hadi darasani hadi maktaba, akaandika kwenye daftari kila mahali kiti kilipokwama. Kuna mahali patano kati ya hapo bado hapajatengenezwa. Lakini mwanangu alisema, "Mama, hapa wanajua nitakuja." Kwa hiyo wazazi wenye watoto kama wangu, ombeni kuonana na mshauri wa wanafunzi au kitengo cha mahitaji maalumu kabla ya kuomba, na ombeni mtembee naye.

Mzee wa Makambako

Mama, asante sana. Nilisema tulitembea kutoka mabweni hadi maabara, na sikuwahi kufikiri njia ile kwa mtu wa magurudumu. Mlimani ni mlima kweli, jina halikudanganya. Naomba wasomaji wasiruke maelezo yako, na Mungu amfungulie kijana njia.

Fundi Solar

Swali kwa mleta uzi. Je mlikubaliana nyote? Mimi mke wangu anataka mtoto awe karibu na nyumbani, mimi nataka Dar kwa sababu ya ajira, mtoto mwenyewe hasemi.

Mzee wa Makambako

Hatukukubaliana. Mimi napenda Muhimbili kwa sababu ya historia yake, mke wangu anataka Dodoma kwa sababu ya bweni, na gharama za Dar anaziogopa. Kwenye basi la kurudi tulimwambia binti aeleze kila chuo alichokiona kama anamweleza rafiki yake ambaye hakuwepo. Sisi tukanyamaza. Mahali alipoeleza kwa kirefu bila kuulizwa ndipo tulipojua moyo umekwenda wapi. Mtoto asiyesema, mpe kitu cha kusimulia, usimpe kitu cha kuchagua. Halafu mzazi aseme wazi kiasi anachoweza kulipa. Tulimwambia binti pesa yetu ni kiasi fulani kwa mwaka, mkopo wa Bodi tutaomba lakini hatujui atapewa asilimia ngapi, kwa hiyo chuo cha binafsi cha ada kubwa hakimo. Aliipokea vizuri kuliko wenzangu wa umri wangu wanavyopokea habari za pesa.

Jirani wa Voi

Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya mambo yako hivyo hivyo. Mtoto akipata C+ kwenye KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) anajaza kozi kwa mtandao wa KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni, wengi hawajawahi kuona chuo chenyewe. Mimi nilimpeleka kijana wangu Kilifi akaone Chuo Kikuu cha Pwani kabla ya kujaza, tukakaa siku nzima. Aliuliza mambo ya attachment (mafunzo kazini) ambayo mimi singewaza. Nimefurahi kusoma huu uzi.

Mwanakidato

Shikamooni wazee. Mimi ndiye niko form six, CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Baba amesoma uzi huu amesema twende Desemba, Morogoro. Tunaingiaje? Inabidi barua? Na mabwenini mgeni anaruhusiwa?

Mzee wa Makambako

Marahaba mwanangu. Nimefurahi sana kwamba mnakwenda.

Geti kuu tulikopita tuliandikishwa kwenye daftari la wageni, tukaonyesha kitambulisho, tukasema tunakwenda ofisi ya udahili. Hiyo iwe ndiyo hatua ya kwanza, kwa sababu mkitoka pale mtu anajua mpo na mtaelekezwa. Kama unataka kuona maabara au hospitali ya wanyama, baba apige simu wiki moja kabla, namba za ofisi ziko kwenye tovuti ya chuo, aombe kuonana na mtu wa idara. Wengi hufurahi, hawapati wageni wa aina hiyo kila siku. Nendeni Jumanne au Jumatano. Jumatatu ofisi zina foleni, na Ijumaa mchana watu wanapungua.

Mabwenini kuna sheria. Bweni la wasichana baba haingii, na si kila chuo kinaruhusu mgeni. Mke wangu na binti waliingia wakiwa na msichana mwenyeji, baada ya kuomba kwa mlezi wa bweni na kuandika majina. Usiingie kwa kujificha.

CBG ina kozi nyingi pale, za misitu, wanyamapori, mazingira, kilimo. Usikubali kuelezwa zote kwa pamoja. Chagua mbili kabla ya kwenda, chapisha orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza ya kila moja, kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyo umuulize somo gani linaangusha watu na kwa nini. Na field wanakwenda wapi, nani analipa nauli. Ukirudi njoo hapa utuandikie, tunasubiri.